Vigelegele vya Harusi ya Lynn

Marehemu mume wangu, Kinyua, alikuwa akisikia macho yake yakigeuka. "Yanakwaruza kama kiatu kwenye changarawe," aliniambia. Nikamjibu aache kuwakodolea wanawake wa kwaya, atapumzika.

Nyumbani tulicheka. Shida ilikuwa kanisani, hapa Wamagana. Wanawake wakipiga vigelegele, Kinyua aliyumba. Katika harusi ya mwisho alijishikilia kwenye keki. Wambugu, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, akatoa amri: "Mlevi hatasindikiza bibi harusi hapa. Lynn atashikwa mkono na mjomba wake."

Lynn ni binti yetu wa pekee, na Kinyua hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe. Siku hiyo hakugusa chakula.

Nikampeleka hospitali Nyeri mjini. Daktari Zarna alimpigia mlio mkali katika sikio la kushoto huku akimtazama macho. Macho yakapanda yenyewe. Akaagiza picha ya kichwa, kisha akatuonyesha: ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo iliyopinda, yenye maji, inayotusaidia kusimama wima. Kwa Kinyua, mfupa unaofunika mfereji wa juu ulikuwa na tundu, hivyo sauti kali iliyatikisa maji hayo naye akayumba; hata mlio wa macho yake ulipenya hapo.

"Watu hatufanani hata ndani ya masikio," alisema. "Bila hii picha, mzee, ungeoshwa masikio na kumezeshwa vidonge bure. Upasuaji upo."

"Ngoja kwanza nimwoze msichana," Kinyua akasema.

Tulipompelekea kanisani, Wambugu aliigeuza picha juu chini. "Hii iko na shimo. Hata barabara ya kwangu iko na shimo, na hailewi."

"Basi ita akina mama," Kinyua akamwambia. "Na wewe ukaribie uninuse."

Akaitwa Ngendo, ambaye kigelegele chake hutawanya kuku wa jirani. "Baba Lynn, niachilie yote ama nusu?"

"Yote, mama."

Wambugu alikuwa ameinama, pua kwenye mdomo wa mume wangu, Ngendo alipoachilia. Macho ya Kinyua yakapanda, naye akamwangukia mwenyekiti, wakaenda chini pamoja na kiti.

"Chai," Wambugu alisema kutoka sakafuni. "Ananuka chai tu."

Akakubali Kinyua amsindikize Lynn, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe amshike Kinyua mkono wa pili. Siku ya harusi, wanawake waliombwa wanyamaze mpaka watatu hao wafike mbele. Walijikaza, vitambaa mdomoni, mpaka katikati ya kanisa. Hapo Ngendo akashindwa, na wote wakamfuata. Kinyua akaegemea upande wa Wambugu, Wambugu akaegemea viti, na Lynn akawavuta wote wawili hadi madhabahuni, akicheka ndani ya shela.

Nyuma yangu walikaa wageni kutoka Timau, watu wa bwana harusi. Mmoja akanong'ona, "Baba yuko sawa. Lakini huyo wa suti ya kijivu aliyemshika, ati amekunywa nini?"

Kinyua tulimzika mwaka huu. Hakuna aliyepiga kigelegele, na jeneza lilikwenda sawasawa, isipokuwa upande aliobeba Wambugu.