Walipogonga Meza Katikati

Bi Wuttke wa ghorofa ya chini anasema ukumbi mzima ulitikisika. Anasema kaka yangu alisimama mbele ametulia kama pasta, akasoma kwa sauti ya kushuka, na alipomaliza meza ziligongwa mpaka vikombe vya kahawa vikacheza. Bi Wuttke amestaafu kazi ya posta, na siku hizi huenda chuoni kusikiliza mihadhara pamoja na wazee wenzake. Hukaa safu ya mbele kwa sababu masikio yake ni mazito.

"Na nani alianza kugonga?" aliniuliza pale ngazini, akijipiga kifua. "Mimi! Vijana wakafuata. Mwambie huyo kaka yako aache kuringa, tukipishana asalimie."

"Nitamwambia, Bi Wuttke."

Huku kwa Wazungu, chuoni hawapigi makofi. Mwalimu akimaliza, wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, kisha hufunga mabegi. Mimi nagawa chakula kwenye bwalo la chuo, na ukumbi uko juu ya jiko letu. Ikifika saa sita kasorobo, kishindo hicho hushuka kama mvua ya mawe juu ya bati, nasi tunajua foleni inakuja. Siku ile kilishuka mapema. Mpishi alitukana, viazi vilikuwa bado vigumu.

Kaka yangu, Kabenla Nyameke, ni msaidizi wa Profesa Dietzel. Profesa hufundisha wanafalsafa wa enzi za mawigi, karne ya kumi na nane, wale waliosema mtu atumie akili yake mwenyewe, asishikwe mkono kama mtoto. Kila mwaka ni walewale. Wapo miongoni mwao walioandika kwamba sisi weusi akili hatuna, na kurasa hizo Profesa huziruka. Alikuwepo pia mtu mweusi, mtu wa pwani yetu ya Ghana, aliyefundisha falsafa katika mji huuhuu enzi zilezile. Huyo naye Profesa humruka. Kaka aliomba mhadhara mmoja tu wa kumtaja, akaomba tena, akaomba tena. Mwaka huu akapewa, kwa kuwa siku hiyo Profesa alikuwa anang'olewa jino.

Niliporudi nyumbani nilimkuta amekaa na koti lake, viatu hajavua. Mkoba wa makaratasi ulikuwa sakafuni karibu na mlango. Nikapasha moto samaki na akyeke, ule muhogo wa kukunwa wa kwetu.

"Kaka, nasikia umewatikisa."

"Nani kasema?"

"Bi Wuttke. Anasema yeye ndiye aliyeanza kugonga."

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na kitu ndani.

"Kumbe ni yeye."

Akanieleza bila kuniangalia, kama mtu anayesoma bei dukani. Alikuwa amepanga aanze na tusi. Asome neno kwa neno yale ambayo mkuu mmoja wa wanafalsafa hao aliandika juu yetu, kisha anyamaze kidogo, yawaingie. Halafu ndipo amlete yule mtu wetu, aseme kwa maneno yake mwenyewe. Akalisoma tusi. Akanyamaza. Safu ya mbele, ko-ko-ko. Ukumbi mzima ukapokea, na mabegi yakaanza kufungwa.

"Si ungewaambia bado hujamaliza?"

"Niliwaambia. Nani asikie, na watu wana njaa? Mmoja akanipiga bega mlangoni. 'Mkuu, mhadhara mfupi hivi! Tufundishe wewe kila wiki.'"

"Kwa hiyo yule mtu hawakumsikia."

"Hata jina. Walichosikia ni tusi, Afiba, na wakaligongea meza. Kula, samaki anapoa."

Hakukasirika. Heri angekasirika, angalau angevua koti. Alikula kama mtu anayejaza gunia.

Kesho yake Profesa Dietzel alifika mbele yangu na trei, shavu bado limevimba.

"Profesa," nikamwambia, "kaka yangu hakumaliza. Naomba umpe siku nyingine."

"Hakumaliza? Nimeambiwa walimgongea sana! Mimi mwenyewe hawanigongei hivyo."

"Waligonga katikati."

"Dada, mnagawa falsafa au chakula?" mtu akapiga kelele huko nyuma kwenye foleni, wenzake wakacheka.

Profesa naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Ratiba imejaa, binti. Tutaangalia mwakani. Leo nipe viazi tu, na uvipondeponde, siwezi kutafuna."

Nikampondea viazi. Vilikuwa vimeiva vizuri siku hiyo.

Jioni nilimkuta Bi Wuttke ngazini, nikamwambia yote, polepole, upande wa sikio lake zima. Alishika reli.

"Lakini alinyamaza," akasema.

"Alinyamaza."

"Nikadhani amekwama, maskini. Nikasema nimsaidie."

Akaingia kwake, akafunga mlango. Tulipomaliza kula tukasikia vidole vikigonga mlango wetu. Kaka alikuwa amesimama kwenye sinki akisugua sufuria; bega lake lilishtuka, lakini hakugeuka. Nilifungua mimi. Bi Wuttke alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, na mkononi ana keki ya plamu imefunikwa kitambaa. Aliiweka mezani. Aliuona mkoba pale karibu na mlango, haujaguswa, akauzunguka taratibu asiukanyage, akavuta kiti, akakaa.

"Bwana Nyameke," akasema, "ni mimi niliyekukatiza. Sikujua."

Kaka akaongeza maji kwenye sufuria.

"Nisomee mimi hicho kilichobaki. Sina haraka, na njaa sina. Mikono yangu hii hapa, tazama, nimeikalia."

Na kweli alikuwa ameikalia. Mimi nilisimama na kisu cha keki. Kaka alikuwa ametugeuzia mgongo, na maji ya bomba yalikuwa yakitiririka juu ya sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.