Mlango Uliofungukia Ndani

Hadithi hii nilisimuliwa na mwenyewe, mchoraji wa ramani za nyumba, wiki ya pili baada ya mimi kutolewa mtoto wa jicho. Wanangu walimleta apime bafu langu ili niwekewe vishikio ukutani. Badala ya kuanza na kuta, alivua viatu, akalala chali sakafuni urefu wake wote, akanyoosha mkono mmoja kuelekea mlangoni. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, anapima. Kisha, akiwa bado amelala palepale, akaanza kusimulia, nami nikavuta kigoda nikakaa, maana niliona mtu huyu amebeba kitu na hajapata pa kukitua.

Mafundi walimwita Milimita. Jina lilianza kama dhihaka, kwa jinsi alivyogombana nao kwa ajili ya unene wa plasta, hata likamganda, naye akalizoea. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ndani mlikuwa na kompyuta ya kioo kipana, mashine ya kuchapia iliyokohoa kila ilipowashwa, na kiti cha mteja ambacho mguu mmoja ulikuwa umewekewa kipande cha kigae ili kisiyumbe. Siku za Jumamosi aliwafundisha watu waliotaka kuchora nyumba zao wenyewe: mwalimu mstaafu, mwanamke mwenye saluni, mume na mke waliokuwa hawajaelewana jiko likae upande gani.

"Msianze na picha nzuri," alikuwa akiwaambia. "Anzeni na tepu. Ukuta mnaopewa na kompyuta si ukuta wenu. Wenu una tofali, una plasta huku na huku. Upimeni, muuandike wenyewe, la sivyo kabati litabaki nje linanyeshewa. Na kitanda cha kompyuta ni kifupi, kinalaliwa na watu wa kompyuta. Pimeni cha kwenu."

Watu walicheka, wakaandika.

"Kila mkibadili kitu, hifadhini nakala mpya kwa tarehe ya siku hiyo. Msihifadhi juu ya ile ya zamani. Siku mkigundua mmekosea, mtataka kujua mlikosea lini."

"Na milango, mwalimu?" mwenye saluni aliuliza.

"Kompyuta huifungulia ndani yote. Chumba cha kulala, sawa. Bafu, geuzeni. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unakuwa komeo."

Aliyasema hayo huku akitafuta kifuniko cha kalamu yake, kama mtu anayetaja saa.

Nyumba ya mama yake aliichora mwaka huohuo. Ilikuwa nyumba ndogo: sebule, jiko, vyumba viwili, na bafu mwishoni mwa ujia, ubavuni mwa chumba cha mama. Mama alipanda ngazi za ofisi taratibu, akashika kiuno, akaketi kwenye kiti cha kigae na kukodolea macho kioo.

"Nyumba naiona," alisema. "Mimi niko wapi humo?"

Mchoraji akabonyeza mahali, akaingiza mtu wa kwenye programu na kumsimamisha bafuni ili mama aone ukubwa wa chumba. Akatokea mwanamume wa suti, mkononi ana mkoba.

"Huyo baba wa watu, na mkoba wake, anatafuta nini bafuni kwangu?"

"Anakagua maji, mama."

"Mwambie abishe hodi kwanza."

Walicheka mpaka mwenye duka la chini akaita kuuliza kuna nini. Mchoraji alikuja kuikumbuka sana siku ile, kwa sababu ndiyo siku aliyokosea. Mama alipoondoka, aliugeuza mlango wa bafu ufungukie nje. Mara ile alama ya robo duara inayoonyesha mlango unakopita ikaziba njia ya kuingilia chumba cha mama, na ujia wote ukawa mwekundu, namna programu inavyoonya. Dawa yake ilikuwa kuusogeza ukuta mmoja sentimita ishirini. Lakini ukuta ule ukisogea, sebule inapungua, na dirisha la sebule alikuwa ameliweka katikati kabisa, limekaa vizuri, linapendeza. Akaurudisha mlango ndani. Wekundu ukaondoka. Akajiambia atalitazama kesho, akachapa.

Fundi seremala ndiye aliyeliona kosa hilo. Alikuwa mzee wa makamo, jirani wa mama wa miaka mingi, mwenye penseli sikioni hata akiwa anakula. Siku ya kufunga milango alipiga simu.

"Mchoraji, huku bafuni anaingia mama mtu mzima. Mlango kwenye ramani nauona unafungukia ndani. Niufungulie nje?"

Mchoraji alikuwa na mteja mbele yake. "Fuata ramani, fundi," akasema, akakata simu.

Miaka miwili mlango ule ukafunguka na kufungwa bila neno. Kisha ikaja asubuhi moja ya Jumanne. Dada yake mchoraji, aliyekuwa akiishi na mama, alisikia kishindo, kisha ndoo ikibingirika. Akakimbia. Kitasa kilizunguka, mlango ukasogea upana wa vidole viwili, ukagota kwenye kitu laini.

Mchoraji alifika baada ya robo saa, shati amelifunga vifungo upande. Alijitupa mlangoni kwa bega.

"Usisukume, baba," sauti ya mama ikasema, karibu sana, chini kabisa. "Unanisukuma mimi."

Akaacha. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye ule mwanya. Aliona kitambaa cha gauni na maji yanayokwenda polepole kwenye tundu la kutolea maji, na maji yale yalikuwa na rangi. Akamwambia mama ajivute kidogo. Mama akasema mguu haumsikii. Bawaba, ambazo mtu angeweza kuzing'oa, zilikuwa ndani, upande wa mama. Dirisha lilikuwa dogo, lina nondo. Nondo zile pia alizichora yeye.

Fundi alikuja na msumeno na patasi. Alikuwa ameutengeneza mlango ule kwa mbao ngumu, imara, kwa kumheshimu mama. Sasa alilazimika kuukata kipande kwa kipande kuanzia juu, taratibu, mbao zisimwangukie. Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Saa ya kwanza mama aliongea. Aliuliza kama mboga imeepuliwa. Aliuliza nani analia. Saa ya pili alinyamaza, na dada akawa anamwita kwa jina lake la utotoni, analirudia na kulirudia, kama mtu anayegonga ukuta kutafuta palipo wazi.

Alifia hospitali siku ya pili. Daktari alisema damu ilitoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "muda mrefu."

Baada ya mazishi watu walibaki wachache: dada, mchoraji, na mjomba wao, kaka wa marehemu, mtu wa sauti nzito aliyesimamia majengo maisha yake yote na kujulikana na kila mwenye tofali. Mjomba alikwenda hadi ujiani, akautazama uwazi uliobaki, akarudi sebuleni. Akatuma fundi aitwe.

"Fundi," alisema, "umri wote huo, mlango wa bafu la mtu mzima unaufungulia ndani?"

"Nilifuata ramani, mzee."

"Ramani iko wapi?"

"Karatasi ya saiti iliingia saruji. Tuliitupa."

"Mpwa wangu," akamgeukia mchoraji, "kwenye kompyuta yako ipo?"

"Ipo."

"Ilete kesho. Kama ramani inasema nje, huyu hashiki tena mlango wa mtu katika mji huu. Nitapita mimi mwenyewe, saiti kwa saiti."

Fundi alitazama viatu vyake. Mchoraji akangoja aitaje ile simu. Hakuitaja.

Asubuhi yake mchoraji alikwenda ofisini kabla duka la chini halijafunguliwa. Akaifungua ramani. Yule mwanamume wa mkoba alikuwa bado amesimama bafuni. Akamfuta. Akaugeuza mlango nje. Ujia ukawa mwekundu, kama siku ile. Akaushika ukuta, akausogeza sentimita ishirini. Wekundu ukaondoka. Dirisha la sebule likakaa upande kidogo, wala halikuwa baya.

Alitazama saa. Kazi yote ilikuwa imechukua dakika nne.

Alikaa akiutazama mkono wake juu ya kipanya. Kisha programu ikamuuliza kama ahifadhi nakala mpya au juu ya ile ya zamani, naye, aliyewafundisha watu Jumamosi ngapi zile, akahifadhi juu ya ile ya zamani. Mashine ikakohoa, ikatoa karatasi. Ilikuwa safi, bado ina joto.

Saa nane mchana waliitandaza mezani sebuleni. Mjomba alitazama mara moja tu.

"Nje," akasema. "Dada mtu, umeona? Nje. Fundi, njoo usome mwenyewe."

Fundi akavaa miwani yake, iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakuangalia mlango. Kidole chake kilipita juu ya ujia kama kinachosoma barua, kikasimama kwenye namba: mita moja na sentimita ishirini. Akainua macho, akautazama ujia wenyewe, uliokuwa hatua tatu kutoka pale alipo. Ulijengwa akiwepo, ukapakwa rangi akiwepo, alipitisha milango yake humo. Ulikuwa mita moja kamili. Mkono wake ukashuka kiunoni, kwenye tepu. Ukaishika. Mchoraji aliuona. Tepu ile ingevutwa mara moja tu, na kila kitu kingekuwa wazi.

Mkono ukaiachia tepu.

"Kama karatasi inasema hivyo," fundi alisema, "basi mimi ndiye niliyekosea. Mlango ule niliujua ni mbaya tangu nilipoushika. Niliufunga hivyohivyo. Nisameheni."

Akavua miwani, akaikunja, akainuka. Dada alikuwa akimtazama fundi kwa macho ambayo hayakuwa yamelala tangu Jumanne ile, macho makavu, yaliyopata hatimaye mtu wa kuangukia.

"Mama alikupikia," dada alisema. "Miezi mitatu ya ujenzi alikupikia kila siku."

"Ni kweli," fundi akasema. "Alinipikia."

Mchoraji akasikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kuitoa.

"Fuata ramani."

"Unasemaje?" mjomba akauliza.

"Alinipigia simu. Aliniuliza aufungulie nje. Nikamwambia fuata ramani. Na ramani ilisema ndani, mjomba. Hii nimeichora leo asubuhi."

"Ile ya kwanza iko wapi?"

"Nimeifuta. Nimehifadhi hii juu yake."

"Kwa hiyo hakuna."

"Ipo hii nyumba," mchoraji akasema. "Pimeni ujia."

Hakuna aliyekwenda kupima. Mjomba aliikunja ile karatasi, akaikunja tena, mpaka ikakataa kukunjika. Alisema ana jambo mjini, akatoka bila kuaga, nao wakasikia geti likipigwa. Dada alibaki amesimama. Halafu alimuuliza kaka yake swali moja, kwa sauti ndogo, ya kuuliza bei.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nafundisha watu."

Dada akatikisa kichwa polepole. Akamgeukia fundi. "Vyombo vyako viko wapi?"

"Viko nyumbani."

"Kavilete. Huo mlango wa chumba changu uutoe leo. Na wa mama. Sitaki kulala nyuma ya mlango tena."

Fundi alirudi baada ya nusu saa na begi lake. Alifika chini ya mlango wa kwanza, akasema tu, "Shika hapa, usiuache uniangukie," na mchoraji akashika. Skrubu zilitoka moja moja, zikilia. Walipomaliza wa pili, wakaiegemeza milango yote miwili ukutani nje, na nyumba ikabaki na matundu, mtu akisimama sebuleni anaona vitanda.

Dada alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama, mgongo ukutani, akiwatazama. Ile sauti ya skrubu ilipokoma, kichwa chake kilikuwa kimelala begani. Mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia. Fundi akaokota begi kwa uangalifu, vyombo visigongane ndani. Mlangoni alisita.

"Ile namba ya ujia," akasema kwa kunong'ona, "uirudishe. Atakayekuja kukarabati asipotee."

"Nitairudisha, fundi."

Fundi akaenda zake. Jua lilikuwa bado juu, linapita katika nondo za dirisha dogo na kuangukia sakafu ya bafu. Mchoraji akavua viatu. Akalala chali pale alipolala mama, kisha akajigeuza ubavu, kwa sababu mama alikuwa ubavu. Miguu yake ikagusa ukuta wa nyuma. Bega likafika palipokuwa mlango. Sakafu ilikuwa baridi, na kutoka chini pale aliona mambo ambayo hakuyachora: ufa mwembamba kwenye kigae, kutu chini ya sinki, vumbi la mbao lililokuwa bado limekwama kwenye pembe.

Akanyoosha mkono kuelekea ujiani, taratibu, kama anayetarajia kuzuiwa. Mkono ukapita. Akauacha hukohuko nje, kiganja juu, akisikiliza jinsi dada yake anavyokoroma chumbani kwa mama, mpaka naye usingizi ukamchukua.