Baba Yuko Mwaka wa Kwanza

Fundi wa makochi alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya bweni la wavulana, akisugua sakafu kwa brashi, kiongozi wa bweni alipokuja kukagua. Kijana huyo wenzake walimwita Mheshimiwa, maana hata akienda kuoga alivaa koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pale kwenye kona umeruka."

Fundi akarudi kwenye kona. Hakuwa mfanya usafi. Kwa hesabu za chuo, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shahada ya ufugaji nyuki, na tangu muhula uanze hakuwa amegusa zamu yake ya usafi hata moja.

Mambo yalianzia siku ya kusajili wanafunzi. Binti yake alitoka kwenye foleni kwenda kupiga picha ndogo za kitambulisho, akamwachia baba sanduku na nafasi. Foleni ikasogea. Kila aliyefika mezani aliambiwa, "Kidole," akaweka kidole kwenye kimashine, akapita. Fundi alipofika, naye akaambiwa, "Kidole." Ni mtu asiyependa kuwachelewesha walio nyuma yake. Akaweka. Akaulizwa jina, akataja. Akaulizwa simu, akataja. Akaulizwa anapendelea nini, akasema ana mizinga ya nyuki nyuma ya karakana na inamfurahisha sana. Alidhani wanapiga soga tu. Wakampa kalamu yenye nembo ya chuo, akaona ni watu wakarimu.

Kisha, mitihani ilipokaribia, ukaja ujumbe kwenye simu: "Mlezi, mwanafunzi wako anadaiwa ada yote ya mwaka." Jina la mwanafunzi lilikuwa lake mwenyewe. Na kwa kuwa yeye na binti yake walikuwa na namba moja ya simu, mfumo uliwafungia wote wawili. Binti alikuwa amelipiwa kila kitu, lakini kibali cha mtihani hakikutoka, na mtihani ulikuwa kesho asubuhi.

Ndipo fundi alipokwenda ofisi ya ada. Karani, mama mwenye miwani ya kamba shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unasema wewe si mwanafunzi."

"Si mwanafunzi, mama. Ni fundi makochi."

"Unaweza kuwa vyote viwili. Tuna mmoja hapa ni kinyozi."

"Mimi nilishika foleni tu."

"Sawa. Malalamiko tunapokea. Ila anayeruhusiwa kulalamika ni mwanafunzi mwenye mwenendo mwema." Akatazama kompyuta, akasikitika kweli. "Mzee wangu, wewe mtoro. Darasani huonekani, bwenini hulali, zamu hufanyi. Mlezi wako ana habari?"

"Mlezi wangu ni mimi."

"Basi amezembea."

Fundi aliyapima maneno hayo kama anavyopima kitambaa, huku na huku, asione pa kukata.

"Yaani niwe mwanafunzi mwema kwanza, ndipo niseme kwamba si mwanafunzi?"

"Umeelewa upesi kuliko wengi. Niletee saini ya kiongozi wa bweni kabla hatujafunga ofisi. Deni litasimamishwa, na kibali cha binti kitatoka leo leo."

Ndiyo maana alikuwa kwenye korido. Chumbani kwake, wenzake watatu walimpokea kwa heshima na kinyongo. Kitanda chake walikuwa wanaanikia soksi.

"Mzee, siyo kwamba tunakusema," mmoja alianza, "lakini tumekufagilia muhula mzima."

"Mnisamehe, wanangu. Sikujua kama naishi hapa."

Aliporudi kwenye brashi, simu ikalia. Mkewe.

"Mwanachuo wangu! Umekula?"

"Bado, nasugua."

"Sugua. Ila usiniletee mpenzi wa chuo hapa."

Alikuwa amefika katikati ya korido aliposikia anaitwa kutoka nje. Binti yake alisimama chini ya dirisha, maana wasichana hawakuruhusiwa kuingia.

"Baba! Toka huko! Tulipe tu hilo deni yaishe. Nitatafuta kibarua."

"Tukilipa, mama, mwakani nitakuwa mwaka wa pili."

Binti akacheka mpaka akachuchumaa. Alipoinuka hakuwa anacheka tena. "Baba, bila kibali sipiti mlangoni. Kesho wataniacha nje."

"Najua. Nenda kasome. Huku niachie mimi."

Jua lilipoanza kushuka korido ilikuwa inang'aa, lakini vyoo, navyo vya zamu yake, vilikuwa bado, na ofisi ilikuwa karibu kufungwa. Mheshimiwa akatembea mwisho hadi mwisho, mikono nyuma.

"Mzee, kusaini bila vyoo ni kudanganya chuo."

"Sitaki udanganye. Andika ulichokiona."

Mheshimiwa akafikiri, akaandika: "Mwenendo wake ni mwema, isipokuwa vyoo." Akasaini.

Karani alisoma mara mbili, akagonga muhuri. "Hii itashika mpaka kesho mchana. Vyoo visipokwisha unarudi kuwa mtoro, na binti hafanyi mtihani unaofuata." Mashine ikatoa karatasi. Binti, aliyekuwa akisubiri pale ofisini, aliipokea kwa mikono miwili, akalisoma jina lake, akalisoma tena, akamkumbatia baba na harufu yake yote ya sabuni.

"Na hiki chako," karani akasema.

"Changu?"

"Kibali cha mtihani. Mwanafunzi mwema lazima afanye mtihani. Utangulizi wa Nyuki."

"Nikifeli?"

"Utarudia."

"Nikifaulu?"

"Utaendelea."

"Na malalamiko yangu?"

"Yamepokelewa," karani alisema kwa upole. "Kamati itakaa. Ila nakushauri usome."

Binti akaenda maktaba. Fundi akarudi bwenini, akakunja suruali, akaanza na choo cha kwanza. Cha pili kilikuwa kigumu zaidi. Alipomwaga sabuni kwenye cha tatu, bomba likakohoa na kunyamaza.

"Maji ndiyo basi hayo," Mheshimiwa alisema kutoka mlangoni. "Mpaka alfajiri."

Fundi akatoa chaki ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari ukutani, pale alipofikia.

"Mzee! Kuchora ukuta ni kosa la nidhamu."

"Samahani, mwanangu."

Akaufuta mstari kwa kiwiko. Akatafuta mfukoni, akapata kipande cha kitambaa cha kochi, akakifunga kwenye kitasa cha choo cha tatu. Brashi akaiacha ndani ya ndoo, akaenda kuondoa soksi kitandani kwake.