Kadi ya Besi

Mjini pale watu walikuwa na namna mbili za kuwapokea wale wazee wawili. Wenye adabu walifungua mlango wakasema karibuni. Wengine walizima redio, wakawanyamazisha watoto, wakakaa kimya ndani mpaka hatua zipotelee mbali. Wazee wa Kadi, ndivyo walivyoitwa, na jina lenyewe halikuwa la sifa.

Kazi yao ilikuwa ya kanisa. Mtu akikosekana ibadani miezi sita, karani alimwandikia kadi ya njano, na kadi ikapewa wazee. Wao walimfuata huyo mtu alipo, wawili wawili, kamwe si mmoja peke yake, wakamuuliza kilichomkwaza. Chini ya kadi kulikuwa na nafasi mbili za kujaza: Sababu ya kuacha, na Hatua iliyochukuliwa. Mhusika akasomewa, akatia sahihi. Mume, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata mkewe alimwita Mwalimu, aliipenda kadi ile kupita kiasi. Miaka arobaini ya kusahihisha madaftari haimtoki mtu kwa sababu tu amekabidhi ofisi.

Mkewe, Mama Cherehani, alikuwa fundi wa nguo tangu usichana wake. Alikubali kuja kutumika miaka miwili mbali na nyumbani kwa sababu Mwalimu alikwisha kukubali kwa niaba yake, na kwa sababu nyumba ilikuwa imebaki na mwangwi. Mabinti walikuwa wameolewa, na kitinda mimba, mtoto wao wa pekee wa kiume, alikuwa daktari ng'ambo. Chumba walichopewa kilikuwa nyuma ya ofisi ya kanisa, kina vitanda viwili vya chuma walivyoviunganisha kwa kamba, jiko la mafuta, na dirisha linalotazama tangi la maji. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kitandani bega kwa bega kungoja simu ya daktari. Ilikuwa sauti tu, maana mtandao wa huko aliko, alisema, haukubali picha. Miaka minane walikuwa hawajamwona uso. Mama alimweleza habari za goti lake, naye daktari alijibu, "Nenda hospitali mama, wakakupime." Hakuwahi kumtajia dawa hata moja.

"Daktari makini hatibu kwa simu," Mwalimu alisema kila mara, kifua mbele.

Mwezi wa tisa walikuwa wamebakiwa na kadi moja sugu. Iliandikwa jina la utani tu, la sauti yake nzito kwayani, kwa kuwa karani hakujua jingine: Besi. Muuza nyama, nyuma ya soko. Ameimba kwaya miaka sita. Ameacha kuja tangu mwezi wa pili. Mara mbili walikwenda nyumbani kwake, na mara zote mbili mkewe alifungua mlango nusu akasema mume wake amesafiri. Kiongozi wa kwaya aliwafuata mpaka chumbani kwao kuwabembeleza. Tangu Besi aondoke, alisema, kwaya yake ilikuwa kigoda chenye mguu mmoja pungufu.

Kanuni ilisema safari ya tatu mtu anaweza kufuatwa kazini. Mwalimu alikuwa anaijua kwa moyo, na asubuhi hiyo walitoka mapema.

"Mwezi wa pili ndio tuliofika sisi," Mama Cherehani alisema njiani.

"Sasa hilo linahusiana na nini?"

"Nasema tu, Mwalimu."

Bucha lilikuwa safi. Vigae vyeupe, ndoano safu mbili, gogo la kukatia, mizani yenye uso kama wa saa, na mlango wa nyuma wenye pazia la vipande vya plastiki. Mwanamke aliyekuwa kwenye kaunta, yule yule wa mlango nusu, alipowaona aliweka kisu chini.

"Ametoka," alisema kabla hajaulizwa.

"Tutangoja," Mwalimu akasema, akakaa kwenye benchi la wateja na kadi gotini.

Kwenye pembe ya benchi mtoto wa kike wa miaka mitano hivi alikuwa anaandika herufi kwenye karatasi ya kufungia nyama. "Shikamoo babu. Shikamoo bibi," akawaamkia, kama watoto wote wanavyowaamkia wazee wote. Waliitikia marahaba. Mama Cherehani akakaa karibu yake, na hapo ndipo macho yake yalipopanda ukutani, kwenye msumari ulio juu ya mizani.

Palikuwa na koti jeupe. Lilikuwa kuukuu, limefuliwa mpaka likawa jepesi, na pindo limegeuka rangi. Mfuko wake wa kalamu ulikuwa kifuani upande wa kulia.

Dunia nzima mfuko wa kalamu hukaa kushoto, kwa sababu watu wengi huchomoa kalamu kwa mkono wa kulia. Mama Cherehani alikuwa ameshona makoti mengi kuliko nywele za Mwalimu, na mfuko wa kulia aliushona mara moja tu, kwa kijana wake anayetumia mkono wa kushoto, wiki ile alipokwenda chuo cha udaktari. Picha yake akiwa ndani ya koti hilo ilikuwa ukutani sebuleni, huko nyumbani. Wameliiba, akawaza. Au amelitoa sadaka, likauzwa, likafika huku. Moyo wa mzazi hauishiwi visingizio.

"Koti lile la nani, mjukuu wangu?"

"La baba. Halivai akikata nyama, analivaa akienda kukaguliwa na bwana afya." Mtoto hakuinua kichwa. "Alishonewa na bibi."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Alikufa. Na babu alikufa. Kabla mimi sijazaliwa."

Aliyasema hayo kama anayetaja siku ya leo, akarudi kwenye herufi zake. Nyuma ya kaunta mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa aproni. Mwalimu, ambaye alisikia ila hakuelewa, akainama kwa upole wote wa ualimu wake.

"Pole sana, mjukuu," akasema. "Mungu awalaze mahali pema."

Mama Cherehani alitaka kumshika mumewe mkono amnyamazishe, mkono haukwenda. Alikuwa amekaa kwenye benchi la bucha akisikiliza habari za kifo chake mwenyewe, na mumewe anatoa rambirambi.

Pazia la plastiki likafunguka. Mwanamume akaingia kinyumenyume, paja zima la ng'ombe begani, anaimba taratibu kwa sauti nzito. Akageuka.

Alikuwa amenenepa na kufuga ndevu. Lakini jicho lililolegea kidogo lilikuwa la baba yake, na bega lililobeba nyama lilikuwa la kushoto. Wimbo ukakatika. Hakuweka nyama chini, akabaki nayo tu pale, maji ya damu yakimchuruzikia kiwiko.

Mwalimu alisimama. Alikuwa amekuwa wa rangi ya kadi yake. Mdomo ukafunguka, na kwa kuwa hakikuwamo kingine, yakatoka maneno aliyokuwa akiyasema kila mlango kwa miezi minane.

"Tumekukosa kanisani," akasema. "Tumekuja kwa upendo. Je, kuna mtu aliyekukwaza?"

Mwanawe alimtazama.

"Ni wewe, baba."

"Weka nyama kwanza," yule mwanamke wa kaunta akamwambia taratibu, naye akaiweka juu ya gogo, akabaki ameishikilia.

Akaeleza, na alikuwa anaiambia ile nyama zaidi kuliko wao. Mwaka wa tatu alifeli. Akarudia, akafeli tena, chuo kikamwondoa. Siku hiyo hiyo alipiga simu nyumbani.

"Ulipokea wewe, baba. Nikasema nina neno. Ukasema, subiri daktari, nina wageni hapa wanataka kukusikia. Ukazungusha simu. Niliongea na wageni wanne. Wa mwisho akaniuliza dawa ya mgongo."

"Ukamjibu nini?" Mama Cherehani aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza hilo na si mengine.

"Aende hospitali akapimwe."

Basi neno lile lilianzia hapo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka minane, na wazazi wake ndio walioifagia kila Jumapili. Mama Cherehani aliyapitisha kichwani majibu yote ya goti, na akaona kwamba mwanawe hakuthubutu hata mara moja kumpa dawa ya uongo. Hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe.

"Ukatuua," Mwalimu akasema.

"Wakwe walitaka kuwaona wazazi wangu. Ningewaita mngekuja. Mngekuja mngeona." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Halafu mkaniambia mnatumwa kutumika. Nikauliza wapi. Mkataja mji huu. Si mnakumbuka simu ilikatika?"

Walikumbuka. Walilaumu mtandao.

"Nikajisemea mji ni mkubwa. Jumapili ile ya kwanza sikujua kama mmeshafika. Nilikuwa mstari wa nyuma wa kwaya. Mchungaji akasema tuna wageni, ukasimama, baba. Ukasema mwanetu wa mwisho ni daktari ng'ambo. Kanisa likapiga makofi. Mwenzangu wa kulia naye akapiga. Tukaanza kuimba, ubeti wa pili nikatoka kwa mlango wa nyuma."

Mama Cherehani aliukumbuka wimbo ule ukiyumba katikati. Siku hiyo alidhani kwaya haijafanya mazoezi. Kumbe mwanawe alikuwa hatua kumi na tano kutoka alipokaa, akatoka, na yeye mama yake akamnong'oneza Mwalimu kwamba hawa wanahitaji msaada. Hasira ikampanda, ya kweli kabisa.

"Na mimi?" akasema. "Mimi nilikukosea nini? Mimi ningekupokea hata ungekuwa mfagia soko."

"Ungempa baba habari kabla sijakata simu, mama."

Alitaka kubisha, lakini ilikuwa kweli.

Mwalimu alikaa tena. Akachomoa kalamu, akaiweka kadi gotini, na kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni akaandika polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, maana kanuni ilisema mhusika asomewe.

"Sababu ya kuacha. Alikwazwa na baba yake mbele ya kanisa." Akainua macho. "Ni sawa hivyo?"

"Ni sawa."

"Tia sahihi."

Mwanawe alitia kwa mkono wa kushoto, akaacha na alama ya kidole ya damu ya ng'ombe. Ikabaki nafasi ya pili, Hatua iliyochukuliwa. Mwalimu aliitazama, kalamu ikining'inia juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu waoane Mama Cherehani alimwona hajui la kuandika.

Mlango wa barabarani ukafunguka. Akaingia mama mmoja mnene mwenye kikapu, akawaona, akacheka.

"Leo Wazee wa Kadi wamemkamata Besi. Mrudisheni kanisani bwana, kwaya inatia huruma."

Mwalimu akainuka. Akanyoosha koti lake la suti, akakohoa kidogo. Mama Cherehani aliyajua hayo yote, aliyaona kwenye harusi, misibani na kwenye mikutano ya wazazi, na aliyajua maneno yanayofuata. Akitamka udaktari hapa, akawaza, huyu mtoto atatoka tena kwa mlango wa nyuma na sitamwona mpaka nife kweli. Mwanawe naye alikuwa ameshalitazama pazia la plastiki.

"Huyu," Mwalimu akamwambia yule mama, "ni mwanetu wa mwisho."

Akaitazama kadi iliyo mkononi.

"Anauza nyama," akasema.

Yule mteja alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akimsubiri amalize. Alipoona ameshamaliza, akaweka kikapu juu ya kaunta.

"Najua anauza nyama, mzee, si ndiyo maana nimekuja? Besi, kilo moja, na usinipimie mifupa."

Besi akachukua kisu. Mkewe alikuja kuishika nyama upande wa pili. Alikata hivyo hivyo huku machozi yanamshuka ndevuni, na yule mama akapokea nyama yake bila kukagua mifupa.

Mtoto alikuwa ameacha kuandika. Alilitazama koti ukutani, akamtazama Mama Cherehani.

"Wewe ndiye bibi uliyeshona lile?"

"Ndimi."

"Hukufa?"

"Sikufa."

"Sasa ulikuwa wapi?"

Mama Cherehani alimtazama Mwalimu, aliyesimama na kadi mkononi, nafasi ya chini bado tupu. Chumba chao kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka bucha lile, hata kwa mwenye goti bovu.

"Tulikuwa tunatafuta watu, mjukuu wangu," akasema.

"Watu gani?"

"Watu wengine."

Mtoto aliona jibu hilo halitoshi, akaendelea kumtazama.