Biko ya Ghalib na Viatu Vyake

Nakutegea wewe, mjukuu wangu: waliingia chunguni maelfu, akatoka mmoja. Hujui? Basi nipe mji. Nipe huu huu wa Guangzhou, hapa Uchina, pamoja na maduka yake ya viatu, maana mwanangu Ghalib ana haja nao. Jibu ni mchele wa kunata, ule wanaoupika Wafilipino kwa tui na sukari ya kahawia, wakauita biko.

Ghalib mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Kazi yake ni kununua viatu kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road na kuvipeleka Dar. Mimi nilikuja kumtazama tu, nikamkuta anatazama kwingine. Alikuwa amemposa Fiona, Mfilipino wa ofisi ya kusafirisha mizigo, ambaye Kiswahili amejifunza kwetu, kontena kwa kontena. Fiona hakukataa. Alimwuliza swali moja tu: "Ghalib, viatu vyako ni orijino? Nijibu hilo, nami nitakujibu la ndoa."

Ukaingia mwezi wa tatu mwanangu anajibu kando. Mara vina boksi, mara vina karatasi ndani, mara hajatokea mteja aliyevirudisha. Na kweli, kutoka Kariakoo mpaka huku, nani avirudishe?

Juzi akaniambia, "Mama, leo Fiona anakuja. Nampikia biko kwa mkono wangu."

Mchele alikuwa ameuroweka tangu jana yake. Mimi nilimchemshia tui zito mpaka likatoa mafuta, yakabaki makombo ya kahawia ya kunyunyizia juu. Hayo tulikuwa tukiyagombea utotoni, siku za kupika mafuta ya nazi. Yeye akatia mchele, tui jingine na sukari, akakoroga. Ukaanza kushikana. Akakoroga kwa nguvu. Ukashika mwiko.

"Mama, nimeuziwa feki."

"Feki vipi?"

"Tazama, hauachani. Wali wa kweli unachambuka punje punje."

Akabeba sufuria akateremka nayo kwa laoban, mwenye duka la nafaka chini ya ghorofa yetu, akamlalamikia kwamba mtu mwaminifu hauzi kitu kisichofanana na jina lake. Nilikuwa nyuma yake nimeshika mfuniko. Nikaangalia viatu alivyovaa.

Yule mzee wa Kichina akachota kijiko, akala. Akachota cha pili. Cha tatu akampa mkewe. Kisha akachukua mfuniko mkononi mwangu, akafunika sufuria, akaturudishia.

Ghalib hakusadiki. Akatoka, akarudi na biko ya dukani iliyokatwa vipande vya kupendeza, akaipanga kwenye sahani yangu ya maua na kuinyunyizia makombo yangu. Ile yetu akaisukumia chini ya sinki.

"Mbona na hii imenata?" nikamwuliza.

"Hii inanata kiorijino, Mama."

Fiona akafika, akavua mlangoni viatu alivyozawadiwa na Ghalib, akaniamkia shikamoo, akakaa. Akala kipande, akatafuna taratibu.

"Tamu," akasema. "Kama ya lile duka karibu na kwangu."

Ghalib akacheka peke yake.

Uzee nao una ruhusa zake. Nikainama chini ya sinki, nikatoa sufuria, nikaiweka mezani na mwiko wake, maana ulikuwa hautoki. Fiona akabandua ukoko wa pembeni, akala, akafumba macho. Akarudisha mkono tena.

"Na hii kapika nani?"

"Ghalib," nikasema. "Lakini anasema ni feki."

Fiona akamtazama mwanangu. Lile swali la miezi mitatu hakulirudia, wala hakuwa na haja. Ghalib akageuza macho mlangoni, vilipokaa viatu vyake na vya Fiona ubavu kwa ubavu.

"Ya kwenye sahani nimenunua," akasema. "Ya sufuria ndiyo yangu. Na viatu, Fiona, ni feki. Vyote. Hata vile vyako."