Mlima Umetoka?

Kila asubuhi kule Masama, Bibi Margareta aliuliza swali lile lile: "Mlima umetoka?" Yaani, mawingu yameuachia uonekane? Tangu macho yake yazimike, hicho ndicho kitu pekee alichokililia. Sisi wajukuu tulimjibu kutoka jikoni, hata mvua ikinyesha, "Umetoka, Bibi, unang'aa!" Tukajiona wema kweli. Mimi uongo ule ulinichoma.

Basi nikaamua kumrudishia mlima wake. Kwenye karakana ya jamii hapa Rau, chini ya mlima ninakoishi sasa, mahali ambapo mtu yeyote huingia na wazo lake akakuta vifaa mezani, nilishona mtandio wa sufu wenye laini ya simu pindoni na kimota kidogo begani, kile kinachotetemesha simu. Nikiuona mlima nikiwa Rau, nabonyeza kitufe nilichobaki nacho, na bega la Bibi linatetemeka taratibu. Wiki tatu nilichomelea waya huku naota mchana kweupe: Bibi yuko kibarazani, mlima unamgusa bega. Vidole viliungua, wala sikujali.

Asubuhi ya kwanza kilele kilielea juu angani, cheupe, kama kimesahaulika pale. Nikabonyeza, kisha nikapiga simu.

"Shikamoo, Bibi. Umesikia?"

"Marahaba. Kimenitekenya." Akaongeza: "Ila mlima haujatoka, Yuditha."

Binamu yangu Jacob akachukua simu. "Dada, huku ukungu mtupu. Hata mgomba wa mlangoni siuoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima, tena mzaliwa wa mlimani, nimesahau kwamba wingu hukaa kiunoni mwa mlima, na Masama ndiyo kiuno chenyewe! Sasa hata mashine yangu ilikuwa imemdanganya. Nikamwomba Bibi msamaha huku nalia.

"Nyamaza, mjukuu wangu," akasema. "Mlima ukitoka mimi najua. Baridi yake inanishika shavu hili la kulia. Nimejua siku zote, hata mlipokuwa mnanidanganya."

"Sasa kwa nini ulikuwa unauliza?"

"Ili mtoke nje mkautazame."

Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliutazama mlima kwa raha yangu tu, nikashindwa.

Jumamosi nilipanda Masama na bisibisi yangu. Kitufe nikakishona kwenye pindo la mtandio, pale kidole gumba cha Bibi kinapofika. Kimota nikakitia kwenye bangili yangu mwenyewe.

Leo nilikuwa nimeinama mezani karakanani, waya mdomoni, mkono ukaanza kutetemeka. Wenzangu walidhani nimepigwa shoti. Nikaacha kila kitu nikatoka mbio, nikasimama uani, na mlima ulikuwa pale, wote, kuanzia migombani hadi theluji. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Halafu nikampigia.

"Umetoka, Bibi," nikasema, na safari hii nilikuwa nimesimama nje.