Manjano Kwenye Pembe Nne

Vennela alitoka kuoga, nywele bado zinachuruzika maji, akamkuta mama yake amepiga magoti mbele ya rafu ya miungu, kidole kimelowa manjano. Bahasha aliyopewa chuoni ilikuwa sakafuni, imepasuliwa. Karatasi nane za matokeo, miaka minne ya chuo, zilikuwa zimetandazwa chini, na kila moja ilikuwa imepakwa manjano kwenye pembe zote nne na kutiwa tone la unga mwekundu juu ya nembo.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimezibariki," alisema Rajavva bila kugeuka. "Kadi za harusi tunazipaka. Pikipiki ya mjomba wako tuliipaka. Hizi zinavuka bahari, ndiyo ziende kavukavu?"

Vennela akakaa chini. Kosa ni lake mwenyewe. Alikuwa amemweleza mama yake kila kitu, viza, kupimwa kifua, masweta, hata bei ya nyanya huko Australia. Hilo moja hakulisema: kwamba bahasha ilitakiwa ifike kwenye chuo cha huko ikiwa imefungwa, na lakiri ya chuo chake juu ya kifuniko. Ikishafunguliwa njiani, ni ya kufungia karanga tu.

Na vifurushi vya kwenda huko vilikuwa vikiondoka leo, saa kumi na moja jioni. Bahasha ikikosa kuondoka leo, nafasi angepewa mwingine, na yeye angebaki hapahapa kusokota sigara za tumbaku za kufungwa kwa majani pamoja na mama yake, kama alivyofanya kila likizo tangu akiwa na miaka tisa.

Rajavva alipoelezwa hayo, aligeuka. Alichukua ncha ya sari yake akaanza kufuta. Lo, masikini! Manjano yakasambaa hadi kwenye alama za hisabati.

"Acha, mama. Vaa viatu, twende."

Saa tatu asubuhi walikuwa kwenye dirisha namba nne la ofisi ya mitihani ya chuo. Karani, Bwana Yadagiri, aliinua karatasi moja kwa vidole viwili, akamwonyesha mwenzake.

"Hebu ona. Haya ni matokeo au ni biriani?"

Wakacheka. Vennela naye akacheka kidogo, maana mwenye shida hucheka anapotakiwa kucheka.

"Mheshimiwa, naomba nichapishiwe nyingine. Leo ndiyo mwisho."

"Kila anayekuja hapa leo ndiyo mwisho wake. Andika maombi. Lipa benki, lete risiti. Halafu lete barua ya mkuu wa idara."

Maombi akaandika. Benki akapanga foleni. Mkuu wa idara alikuwa na kikao, na kikao kilipoisha akaenda kula. Aliporudi alisaini bila kusoma, akiongea na simu. Rajavva alimfuata binti yake ngazi hadi ngazi, viatu mkononi kwa kuwa kimoja kilikatika, hajaonja hata chai. Saa tisa na nusu wakarudi dirishani.

Yadagiri alipanga maombi, risiti na barua taratibu, akitafuta kinachokosekana. Wapo watu wa namna hiyo, jamani, wakikuta kila kitu kimekamilika wanaumia.

"Nani aliharibu matokeo haya?"

"Mama yangu. Hakujua."

"Basi atoe maelezo, atie sahihi. Aseme ameharibu mali ya chuo kwa ujinga wake."

"Kwa kutojua, mheshimiwa."

"Kwa ujinga. Mkaguzi akiuliza, nimwambie nini? Kwamba sisi tunauza manjano?"

Vennela alikwenda kwenye benchi, akaandika. Aliandika kwamba mama yake alizipaka manjano kwa kuziheshimu, kama wanavyofanya nyumbani kwao. Yadagiri alisoma, akairudisha chini ya dirisha.

"Sikukuomba mashairi, dada. Neno nililokupa liko wapi?"

"Siwezi kumwandikia mama yangu hivyo."

"Basi usiandike. Kwani ni mimi ninayekwenda Australia?"

Alirudi kwenye benchi, akakaa na kalamu mkononi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasorobo. Rajavva akamsogelea.

"Liandike, mwanangu."

"Ulisikia?"

"Sina elimu, lakini masikio ninayo. Liandike. Kwani mimi nitalisoma?"

Vennela aliliandika. Alijichukia kwa kila herufi, na aliliandika kwa mwandiko mzuri, kwa sababu alijua kwamba likiwa baya litarudishwa. Rajavva alibonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, kwa nguvu, kama anavyofanya akipokea mgao wa mchele wa serikali.

Yadagiri aliipokea. Badala ya kuiweka kwenye faili, akaanza kusoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia. "Mimi Rajavva, nisiyejua kusoma wala kuandika, kwa ujinga wangu..." Mtu mmoja aliguna. Wengine waliangalia simu zao. Vennela alitamani ardhi ipasuke, akamshika mama yake mkono ili amvute kando.

Rajavva hakuvutika. Alisimama peku mbele ya dirisha, akasubiri mpaka neno la mwisho.

"Umemaliza, bwana?"

"Nimemaliza."

"Wale wa nyuma hawakusikia. Soma tena."

Mwenzake Yadagiri aliinamisha kichwa kwenye daftari. Yadagiri mwenyewe aliitia ile karatasi kwenye faili bila kuisoma tena, akaivuta kompyuta karibu na kubonyeza kitu. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi nane safi, moja baada ya nyingine, kisha akazitia kwenye bahasha na kudondosha lakiri. Hazikupita dakika tano, na saa kumi na moja ilikuwa bado. Kazi yenyewe, tangu saa tatu asubuhi, ilikuwa hiyo tu.